Kijivu cha Jenerali

Jumatatu, 7 Julai

Leo tena rangi. Nimetoka nje ya duka mara nne na simu mkononi, naiinua juani kuona kama maandishi yanasomeka. Wapita njia wananiangalia. Waangalie. Dhahabu haisomeki, nilimwambia Bahati tangu mwanzo. Dhahabu juu ya nyeupe ni sawa na kuandika kwa maziwa. Yeye anang'ang'ania, eti Jenerali lazima ang'ae. Ang'ae wapi, na watu wanasoma kwenye vioo vilivyopasuka?

Kazi yangu ni kuchapa mabango hapa Nakawa, kwa hiyo rangi ni zangu. Wiki ya mweso, yaani tovuti inayoandikwa na wachezaji wenyewe, ni kazi ya jioni, haina malipo. Bahati ni Mkongomani, anauza vitenge sokoni. Tunaandika kanuni za mchezo wa simu, mbinu, na ukurasa wa wachezaji kwa vyeo. Kwa Kiswahili, maana wachezaji ni wa hapa, wa Kenya na wa Kongo. Mweso ni bao la Waganda. Mashimo thelathini na mawili na Mungu akusaidie.

Vyeo alivibuni kaka yangu Taban. Kuruti, Koplo, Sajini, Kapteni, Jenerali. Mtoto wa mwanajeshi, angebuni nini kingine? Nimeamua hivi: Kuruti kijani kilichokolea, Koplo buluu, Sajini zambarau, Kapteni kahawia, Jenerali wekundu mzito. Na neno la cheo kando ya kila jina, kwa sababu kuna mchezaji wa Kisumu haoni tofauti ya nyekundu na kijani. Walioacha kucheza nimewapa kijivu hafifu, namba yake ya rangi CCCCCC. Juani hakionekani kabisa. Lakini nani anawatafuta hao?

Taban yuko juu kabisa, jina la kwanza kwenye wekundu.

Jumanne, 8 Julai

Kabla ya chai, Baba: "Rehema, nionyeshe jina ya kaka yako."

Kila asubuhi hivyo, tangu tuliporudi kutoka kumzika Taban kule Arua. Anakaa barazani hapa Mbuya, mgongo ukutani, anashika simu mbali na uso. Macho yamechoka, miwani hataki. Anasoma kwa sauti. Taban. Jenerali. Ananirudishia simu, anakunywa chai yake.

Baba alistaafu akiwa sajini. Taban alikuwa askari wa geti kwenye ghala moja Luzira, basi. Lakini kwenye mweso hakuna aliyemweza. Baba ndiye alimfundisha, kwenye ubao ule uliofunikwa kitambaa pale sebuleni. Ini lilimwondoa mwezi wa tano, upesi mno. Arobaini tumeshasoma, watu wamerudi makwao. Tumebaki wawili na sufuria kubwa za kuazima ambazo hakuna aliyekuja kuzichukua.

Alhamisi, 10 Julai

Nimejichukia leo.

Wahariri wa tovuti walipiga kura wiki iliyopita. Asiyecheza miezi miwili anashushwa kwenye kijivu, na cheo kinafutwa. Mimi mwenyewe nilibonyeza ndiyo. Nilikuwa na bango la harusi linasubiri, sikufikiri. Leo Bahati ameandika kwamba sheria inaanza mwisho wa mwezi.

Mei. Juni. Julai.

Taban anakwenda kwenye kijivu. Kijivu changu nilichokichagua mwenyewe, kisichosomeka. Baba atashika simu juani na hataona kitu. Nitamwambia nini? Kwamba mwanao amekufa mara ya pili, na safari hii ni binti yako aliyebonyeza?

Jumamosi, 12 Julai

Simu ya Taban ilikuwa kwenye droo yangu. Nimeichaji. Neno la siri nalijua, ni jina la mama yetu. Nimeifungua.

Wazo ni dogo. Mchezo mmoja kwa jina lake, saa ya miezi miwili inaanza upya, Baba anaendelea na chai yake. Nani ataumia?

Nimecheza na Kuruti mmoja wa Jinja. Nilidhani ni rahisi. Amenila kete zote upande wa kushoto, nikapoteza.

Jumapili, 13 Julai

Nimecheza tena nirudishe pointi. Nimepoteza. Nikacheza tena. Nimepoteza. Kumbe mimi mweso siujui! Miaka yote nimekaa kati ya watu wawili wanaocheza, nikiwapelekea chai, nikadhani na mimi najua. Kuna mtu ameandika chini ya matokeo kwamba Jenerali amezeeka, sasa anashika mkia. Wengine wakacheka.

Ndugu yangu hakuchekwa hata siku moja kwenye mchezo huu. Mimi ndiye nimefanya achekwe.

Niache? Siwezi kumwacha hapo. Lazima nishinde kidogo.

Jumanne, 15 Julai

Bahati amekuja dukani mchana, vitenge begani, hajanisalimia. Kwetu asiyesalimia ana msiba au ana hasira. Alikuwa na vyote viwili.

"Dada, nani anacheza na simu ya marehemu?"

Nilijua tayari kilichomleta. Jana jioni nilicheza mara ya mwisho, mpinzani nilimchukua bila kutazama jina, na alikuwa yeye. Aliniambia yote pale pale, mbele ya mteja. Kwamba simu yake ililia, akaona Taban anamwita kucheza. Kwamba aliacha chakula. Kwamba alisema bismillahi na yeye ni Mkristo. Kwamba kwa zamu tatu hivi aliamini, bambi, maskini, aliamini kweli. Kisha akaona shimo la mwisho kushoto limeachwa tupu. Taban hakuwa akiliacha tupu hata akicheza na usingizi.

Ndipo Bahati akamkata vichwa viwili, yaani alikula mashimo ya ncha zote mbili kwa zamu moja. Hiyo ndiyo aibu kubwa kwenye mweso. Alifanya kwa hasira, anasema, amtoe huyo mwizi. Hakujua mwizi ni mimi.

Nimelia mbele ya mteja. Mteja akasema atarudi kesho.

Jumatano, 16 Julai

Imetokea. Tangu Jumapili nilikuwa namwambia Baba simu haina chaji. Nilikuwa naosha masufuria, Baba akachukua mwenyewe simu yangu mezani.

Amekaa nayo muda mrefu. Kisha sauti, si kubwa: "Taban iko wapi?"

Ameshuka. Yuko kwenye kahawia, katikati ya makapteni, jina la kumi na kitu. Baba amepandisha na kushusha ukurasa kwa kidole gumba mpaka akamwona.

"Nani alimshusha?"

Ningeweza kusema ni mashine. Nimesema ni mimi. Nimesema yote, kura, kijivu, simu ya droo, hata vichwa viwili. Hapo kwenye vichwa viwili alifumba macho. Amesimama, ameingia chumbani, amefunga mlango. Chai imebaki barazani mpaka nzi wakaingia.

Afadhali angenipiga.

Ijumaa, 18 Julai

Baba ameenda kuswali, amerudi, hajaongea. Jana vilevile. Nyumba nzito. Nimechoma chapati mbili zikawa makaa.

Jumamosi, 19 Julai

Ameongea. Nilikuwa natoka kwenda dukani, akaniita nikae.

"Wewe uliogopa hiyo kijivu."

Ndiyo, Baba.

"Mimi nilistaafu miaka mingi. Nani alitoa sajini yangu? Mpaka leo hapa Mbuya wananiita Sajini. Jenerali akistaafu anabaki jenerali. Hachezi tena, lakini anabaki." Akasugua goti. "Mtoto yangu amechoka, Rehema. Umemwamsha kwenda kupigana. Muache apumzike."

Nimemshika mguu kama mtoto mdogo. Amesema niende kazini, nisichelewe.

Jumatatu, 21 Julai

Nimemwandikia Bahati maneno ya Baba kama yalivyo. Amejibu baada ya saa nzima: "Mzee ana haki." Tumepeleka kwa wahariri. Cheo hakifutwi tena, kinabaki kando ya jina, na kundi la kijivu linaitwa Wastaafu. Hakuna aliyekataa. Yule wa Kisumu aliandika kwamba babu yake naye yumo.

Michezo yangu yote imefutwa, Taban amerudi kwenye wekundu. Nimewaambia wachezaji ukweli, kwa jina langu. Wachache wametukana. Wengi wameandika pole.

Kilichobaki ni rangi. Siku nzima nimetoka na kuingia. CCCCCC, hakuna. 999999, ukiikodolea macho. 777777, inasomeka kivulini. Nimesimama juani saa sita mchana na 555555 na nimesoma kila jina. Ni kijivu bado. Lakini kimeshika.

Alhamisi, 31 Julai

Asubuhi jina la Taban limeshuka kwenye kijivu. Nilikuwa macho. Sikufanya kitu.

Baba alikuwa barazani, jua limeshafika miguuni pake. Hakuomba simu. Nimempa. Ameishika mbali, ameikunja shingo, nikasimama nyuma yake.

"Taban," amesoma. "Jenerali." Akasogeza simu mbali zaidi. "Mstaafu."

Amenirudishia. Amekunywa chai, amekula andazi moja, amepangusa vidole. Kisha amesema nilete ubao, maana nacheza vibaya sana na ni aibu kwa nyumba hii.

Nimeutoa kitambaa. Kete zilikuwa na vumbi, mikono ya mwisho kuzigusa ilikuwa ya Taban. Nimezipangusa moja moja kwa khanga. Baba ameniambia nianze, na nisiache shimo la mwisho kushoto tupu.

Amenishinda mara tatu. Sikulia mpaka nilipokwenda kuosha vikombe.