Injini Niliyoisikia Peke Yangu

Mpendwa Baba Boke,

Nakusalimu kutoka huku kisiwani Remba. Mama anaendeleaje na kifua chake? Boke anakula vizuri? Mimi niko, ila siwezi kusema niko sawa. Barua hii naandika nikiinuka, nikizunguka chumba, nikirudi kuketi. Mwandiko ukiyumba usidhani nalia, ni mkono unatetemeka. Simu imenishinda, maana ukinyamaza sijui kama umekata ama ni masikio yangu.

Yalianza na mngurumo. Si unajua sisi wanawake tunaouza omena, hawa dagaa wa ziwani, hungoja mashua alfajiri na makarai yetu, na anayesikia injini kwanza huwaita wenzake? Basi nikaita. Wakatoka mbio, ziwa tupu. Kesho yake nikaita tena. Mara ya tatu Akinyi, jirani tunayepanga naye ploti moja, akaniambia polepole nisiite tena, watu wanasema nimeingiwa na kitu. Aibu niliyoona, wacha tu.

Kisha mwili ukaanza kuisha. Nakula kama mtu aliyetoka kulima na bado sketi inanianguka. Moyo unakimbia nikiwa nimeketi, joto kutwa, hasira za bure. Na huku kisiwani mwanamke akikonda watu hawaulizi, wanajua tayari. Wakasema nimelala na mvuvi ili aniuzie omena, akaniachia ugonjwa. Najua maneno hayo yalifika huko nyumbani Kehancha, kwa sababu tangu hapo unanijibu kama unajibu karani wa ofisi. Imeniuma sana.

Nilivuka ziwa nikaenda hospitali Homa Bay. Daktari, mama mmoja mtulivu, alinishika shingo, akaagiza nitolewe damu. Kumbe ni tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Inaukimbiza moyo, na damu inapita karibu na sikio kwa nguvu mpaka sikio linaisikia.

Nikamuuliza, “Kwa hivyo ni mimi mwenyewe ninayenguruma?”

Akacheka, akasema ndiyo. Dawa nimeanza. Mlio unaweza kupungua, lakini hakuniahidi kwamba utaisha.

Nilipimwa pia ule ugonjwa wanaosema niliachiwa na mvuvi, na majibu ninayo. Akinyi anasema niipige picha karatasi ya majibu nikutumie, maneno yaishe. Sitatuma. Nimekuwa mke wako miaka tisa, na sitaki karatasi initetee kwa jambo ambalo wewe hujaniuliza.

Msalimie Mama, umwambie chai ya tangawizi asiache. Msalimie shemeji yangu mwalimu, na dada yako anayemsuka Boke. Boke mwambie mama yake anamuwaza kila saa.

Kliniki yangu ni Jumatano ya mwisho wa mwezi. Njoo Homa Bay, uketi nami kwenye benchi, uniulize kwa mdomo wako. Nitakujibu. Halafu nitakupa karatasi, kama bado utaitaka.

Ni mimi mkeo,
Mama Boke