Kichaka cha Mama

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zetu. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi na mapacha hawajambo? Sisi ni wazima. Mimi bado niko kwa dobi, napiga pasi mashuka ya hoteli mpaka viganja vinawaka.

Nataka nikueleze habari za kichaka, maana ukipiga simu mama hukaa ubavuni mwangu na siwezi kusema.

Unakumbuka alivyokipata. Alichukua mche wa porini wa maua meupe na mwingine wa maua mekundu, akawa anahamisha unga wa ua hili hadi lile kwa brashi, majirani wakimcheka kwamba anaozesha miti. Ilimchukua miaka sita. Kati ya miche yote kikatoka kimoja chenye maua ya rangi ya papai lililoiva. Kimoja tu, kaka, dunia nzima.

Wewe ukampigia simu fundi aking'oe amwage zege palepale kilipoota, upate pa kuegesha gari utakapokuja. Mama aliposita ukamwambia, "Mbegu si zipo, mama? Utapanda tena." Kwa kuwa umesema wewe, msomi wetu, akakubali. Niliporudi kutoka kazini fundi alikuwa anaosha sepetu.

Mbegu za chotara hazizai chotara yuleyule. Mama anajua hilo kuliko sisi sote. Ilitakiwa vikatwe vitawi, vichomekwe mchangani, basi. Ungemwuliza angekwambia. Hata hivyo alipanda mbegu kwenye makopo arobaini, akisema labda. Miaka mitatu amemwagilia. Mwezi huu maua yamechanua: meupe, mekundu, machache ya waridi lililopauka. La papai hakuna hata moja. Gari nalo halijaja, na kwenye zege lako tunaanika nguo.

Nina uchungu nawe, sikufichi.

Msalimie wifi na mapacha, na baba mdogo ukimwona. Mama naye anakusalimu. Jana alinikalisha kitako akaniagiza, "Mwandikie kimerudi kama kilivyokuwa. Asije akaona haya kuja nyumbani."

Mimi nimeshakuandikia ukweli. Ila akikuuliza kwenye simu kama umepata habari njema, mwambie umefurahi.

Mungu awatunze huko mliko.

Mdogo wako, akupendaye hata akiwa na hasira