Sabufa ya Mjomba Kondo Sikuiunguza Mie

Jumapili, jioni. Joto la kunata, umeme hakuna tangu mchana, na mie nina hasira, simu mkononi. Naandika hapa kwa sababu nikifungua mdomo nitatukana.

Leo nimeomba radhi kwa kosa ambalo si langu.

Kwa usiyenijua, mie ni fundi wa muziki wa magari. Nina kibanda changu hapa Chang'ombe, nafunga redio, spika, sabufa, amplifaya. Ndiyo, mwanamke, na maswali yote mnayotaka kuuliza nimeshaulizwa. Mteja mgeni akifika ananisalimia vizuri, halafu ananiuliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Kwa hiyo jina langu nimelijenga gari moja moja, na ndilo linaloniletea watu.

Sasa Mjomba Kondo, kaka mkubwa wa mama, alikuwa anamwoza mtoto wake wa kiume. Akataka gari lake liongoze msafara wa kwenda kumchukua bibi harusi Mbweni, na singeli isikike mtaa wa tatu. Akaja kibandani na vitu amenunua mwenyewe Kariakoo, hata kuniuliza hakuniuliza. Sabufa, boksi lake limeandikwa wati 1200 kwa maandishi ya moto. Amplifaya, wati 600. Kwa hesabu yake mjomba, sabufa bado ilikuwa na njaa.

Jamani, hiyo 1200 ni mbwembwe za boksi. Sabufa inaivumilia kwa kufumba na kufumbua, basi. Nguvu ambayo sabufa inaweza kuila kutwa nzima bila kuumia imeandikwa nyuma kwa vijiherufi vya sisimizi: 250. Na ile amplifaya, kwa bahati mbaya, ilikuwa mzigo wa kweli, 600 zake zote zimo. Nikamwambia kwa adabu zangu zote: mjomba, hivi viwili haviendani, karudishe kimoja. Akacheka. Binti yangu, wewe funga.

Nikafunga. Nikaikaba amplifaya kwenye skrubu ya geini, pale inapopimwa isukume kiasi gani, mpaka ikawa inatoa kile ambacho sabufa inakimudu. Ikalia vizuri, wallahi. Besi nzito, safi, mpaka yule mama muuza chapati wa jirani akatikisa mabega. Nikamwonyesha mjomba skrubu yenyewe. Hapa usiguse, na mtu yeyote asiguse, ukiifungua unaipika sabufa.

Siku ya harusi msafara umekwenda, mie nimebaki na akina dada tunapakua pilau. Simu ikaja. Buti linafuka moshi mbele ya geti la wakwe! Harufu ya koili ya sabufa iliyoungua imejaa mtaa, wageni wameziba pua, muziki kimya, bibi harusi anatolewa kwa makofi tu. Mjomba akaadhirika. Na mtu mzima akiadhirika, lazima apatikane wa kumbebesha.

Nikaikagua kesho yake. Skrubu imefunguliwa mpaka mwisho. Mjomba anasema yeye hajagusa kitu. Kaapa kabisa, mkono juu. Tangu siku hiyo anazunguka Temeke nzima anasema yule binti bado mwanafunzi, nilimhurumia tu nikampa kazi.

Alinihurumia!

Kaka wa bibi harusi ana magari ya kukodisha, na alishaniahidi kuniletea yote niyafunge. Juzi kanitumia ujumbe: dada samahani, nimepata fundi. Hakuandika fundi mwingine. Kaandika fundi.

Ndiyo leo kukawa na kikao kwa mjomba, wazee wa kwetu na watu wawili wa upande wa wakwe. Nikajieleza. Lakini nani anasikiliza habari za wati? Wao wameona 1200, wameona 600, ndogo imeingia kwenye kubwa, sasa imeunguaje kama si ufungaji mbovu? Ningekuwa siijui hii kazi hata mie ningesema hivyo hivyo. Nikaanza kupandisha sauti. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, akanibonyeza goti. Akaninong'oneza, omba radhi mwanangu, yaishe.

Nikaomba. Na mjomba akanisamehe, mbele za watu, kwa upole, kama mtu mwema vile. Nikameza.

Tumerudi nyumbani, mama kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi, mie nimenuna mlangoni. Akasema tu, hata kuniangalia hakuniangalia:

"Hata mie nilimwambia siku ile, kaka, acha hiyo bisibisi, mtoto kakukataza. Lakini Kondo na kichwa chake kile."

Nikamgeukia, nikamdodosa. Kumbe mama alipanda gari la mjomba. Kumbe walisimama Mwenge kusubiri magari ya nyuma, mjomba akashuka, akafungua buti, akaifungulia ile skrubu, na mama anamtazama.

"Sasa mbona hukusema kule?"

"Nimuumbue kaka yangu mbele ya wakwe? We mtoto una wazimu?"

Akaendelea kukuna nazi.

Mjomba sina shida naye. Ni muongo, anajulikana, mtu wa namna yake unamtegemea akuangushe. Lakini mama! Mama huyu huyu ndiye aliyewajibu watu waliposema hii kazi si ya mtoto wa kike. Alikuwa na neno moja tu la kusema leo. Akalimeza, halafu akanibonyeza mie goti. Kaka yake hawezi kuumbuka mbele ya wakwe. Mie naweza, mbele ya mji mzima, na niseme ahsante.

Nampenda mama yangu, na leo siwezi kumtazama usoni. Vyote viwili ni kweli.

Kesho nafungua kibanda mapema. Siapi, na habari za wati simwelezi mtu tena. Atakayekuja kuniuliza kama ni kweli niliunguza sabufa ya mjomba, nitamwambia nenda pale nyumbani, mpe mama shikamoo, halafu muulize nani alishika bisibisi.