Koti Lako Bado Linanuka

Mwaka umetimia leo tangu utuache, baba wa nyumba hii, na koti lako bado linanuka.

Tuseme ukweli, maana wewe mwenyewe hukupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulikuwa unanuka. Miaka ishirini na sita ulifanya kazi katika kiwanda cha ngozi, mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Ulikuja nyumbani mara moja kwa mwaka, na kila ulipokuja harufu ilitangulia kushuka kwenye basi, wewe ukafuata na begi. Ngozi mbichi, chokaa, mafuta ya mnyama yaliyochacha, na kitu kingine kama yai lililosahauliwa ndani ya soksi. Nzi wakitaka kutua begani kwako walifikiri mara mbili. Mwaka mmoja jogoo wa jirani aliwika saa nane mchana, akaanguka, akaamka, akahama mtaa. Anayebisha amuulize jirani.

Mkeo alifungua madirisha yote kabla hujafika mlangoni. Ulioga mara tatu, kwa ndimu, kwa jivu, kwa sabuni ya kufulia, na bado hukukubali kumkumbatia bintiyo mpaka siku ya nne. "Ngoja kwanza nipoe, bibie," ulimwambia, kana kwamba wewe ni chai.

Tulipokuuliza unavumiliaje, ulicheka. "Mimi pua yangu ilishakufa, tumeizika kulekule kiwandani. Sisikii kitu." Dada yako hakuamini, akakuwekea yai bovu chini ya mto. Ulilala fofofo. Asubuhi ulikuja nalo mezani ukauliza nani ametaga kitandani kwako. Tangu siku hiyo tuliamini wote.

Bintiyo aliamini kuliko sisi, kwa sababu alihitaji kuamini. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu ulishuka kwenye basi ukaenda moja kwa moja shuleni kwao, siku ya wazazi, na buti zako za mpira miguuni. Darasa zima liligeuka. Mmoja akauliza, "Nani kaleta mzoga humu?" Binti akavuta kola ya shati akaziba pua. "Simjui," akasema. "Ni mtu wa mizigo tu."

Wewe ulisikia. Uliweka boksi la viatu mlangoni, ukasema, "Mzigo wako huo, bibie. Jaribu kama havibani," ukaondoka. Viatu vyenyewe vilinuka. Alivivaa miaka mitatu, na kila asubuhi alikunja uso akifunga kamba.

Hakukuomba msamaha. Kila alipotaka, alijiambia: ataumiaje, na hasikii harufu? Hata hajui kama ananuka. Akajifunika sababu hiyo kama blanketi, akalala.

Nawe ulipiga simu kila Jumatatu jioni, sauti inakwaruza.

"Baba, unaumwa?"

"Mafua tu."

"Mafua gani ya kila Jumatatu?"

"Haya ya huku yana ratiba."

Kisha ulikuja na swali lako lilelile: "Nyumbani leo kunanuka nini?" Alikuambia: vitunguu vinakaangwa, sabuni ya mche, mvua iliyonyesha juu ya vumbi, daftari jipya. "Endelea," ulisema. Sisi tuliokuwa tukisikiliza tulivunjika mbavu. Mtu wa pua iliyokufa anaagiza harufu! Lakini yeye alianza kunusa kila kitu kwa makini, ili Jumatatu ikifika awe na la kukuambia. Leo ndiye mpokeaji kwenye kituo cha maziwa. Anafunua kopo, ananusa mara moja, anasema, "Haya ya jana, rudi nayo," na hakuna mfugaji anayebishana. Wanamwita Pua.

Ulipofariki alikwenda kiwandani kuchukua vitu vyako. Alikuwa hajawahi kuingia humo. Alitusimulia akiwa amekunja uso, na hajaukunjua hadi leo: sakafu inateleza kwa mafuta, nywele za wanyama zinaelea kwenye madimbwi ya maji ya kijivu, mafurushi ya ngozi yamerundikwa hadi kifuani, funza wanatambaa juu ya chumvi. Alitapika mlangoni. Akajifuta, akapiga hatua mbili, akatapika tena, safari hii juu ya kiatu cha msimamizi.

"Pole, mwanangu," msimamizi akasema. "Umemchukua baba yako kabisa."

"Kivipi?"

"Naye alikuwa hivyohivyo. Kila Jumatatu, lori la ngozi likishaingia."

"Baba? Si alikuwa hasikii harufu?"

"Hasikii? Huyo ndiye aliyekuwa pua ya kiwanda! Ngozi moja iliyooza inaharibu pipa zima. Alikuwa anachomeka uso ndani ya kila furushi: hili zima, hili bovu. Hakukosea hata siku moja. Akimaliza anakwenda nyuma ya tangi lile, anatapika, anasukutua, anarudi kazini. Tulimwambia aombe kuhamishwa. Akasema ana binti anasoma."

Binti alikwenda nyuma ya tangi. Hakulia kilio cha adabu. Alilia kwa kamasi, mdomo mchungu, akikichukia kiwanda na akimchukia zaidi yule msichana aliyevuta kola.

"Yale mafua," alituambia aliporudi. "Na siku ile shuleni, alikuwa anajisikia mwenyewe anavyonuka. Alisikia kuliko darasa zima."

Ulitudanganya, bwana. Na yai lile! Ulilala nalo usiku kucha. Dada yako anaomba radhi, ingawa bado anadai halikuwa bovu sana.

Yeye ndiye aliyetaka koti lako lichomwe. "Linatia kichefuchefu, panya wenyewe wamehama!"

"Shangazi," bintiyo akamwambia, "liguse uone."

Limetundikwa kwenye msumari nyuma ya nyumba. Jumatatu jioni, akitoka kazini, anachomeka uso ndani yake kama ulivyokuwa ukichomeka wako, anakohoa, anatema mate, ndipo anaongea nawe. Jumatatu iliyopita tulimsikia dirishani:

"Baba, nyumbani leo kunanuka vitunguu. Kunanuka sabuni. Maziwa yameungua jikoni, mjukuu wako kayasahau. Na koti lako linanuka vibaya sana, baba, linanichefua mpaka tumboni. Asante."

Akaweka sikio kwenye kola, kama mtu anayesikiliza simu.

"Haya," akasema. "Naendelea."

Unakumbukwa na mkeo. Bintiyo Pua na mumewe. Wajukuu wako wawili. Kaka yako mkubwa. Dada yako, yule wa yai. Na wenzako wote wa kiwandani.

Tutakukumbuka siku zote, madirisha yakiwa wazi.