Gauni Nzito za Wodi

Jumanne, Septemba 1978

Kosa ni langu. Fundi wa Kathonzweni alileta gauni mbili za mfano, za wauguzi wa wodi ya kipindupindu, nichague moja ashone zingine. Nikachagua ile nzito, uchafu usipenye. Anayefua sikumuuliza.

Leo nimemkuta Mama Mwende, mfuaji wetu, akianua gauni ambazo hazikuguswa na maji. Zilianikwa tu juani.

"Sista, hii nguo moja inamaliza ndoo tatu. Maji tunachimba kwa mchanga wa mto, na wagonjwa wanataka kunywa. Ningefanya nini?"

Wiki mbili tumevaa uchafu wa jana tukidhani tumejikinga.

Jioni nesi Kalondu ameanza kuhara. Kamba za gauni hufungwa mgongoni, na kila asubuhi ni mimi niliyekuwa nikimfungia.