Baridi Haikuja Doha Mwaka Huu

Mpendwa uliyekuwa mchumba wangu,

Mwaka huu baridi haikuja Doha. Nakuandikia hilo kwanza kwa sababu ndilo ungeuliza, wewe uliyekuwa ukichungulia hali ya hewa kwenye simu kabla hata ya kunijulia hali. Makoti tuliyogawiwa kazini bado yamo kwenye nailoni zake. Pale getini West Bay nimesimama Januari nzima na shati la mikono mirefu tu, na Mnepali ninayeshika naye zamu analalamika kwamba msimu umetudanganya. Ungekuwepo, mtihani wako ungeupita bila kutetemeka.

Unaukumbuka mtihani. Wewe mtu wa Kilifi, mimi wa Kinangop, ambako umande huganda juu ya viazi. Nilikwambia mapema kwamba kwetu binti haombwi kwa simu. Mwanamume huja, hulala, na alfajiri baba humwamsha waende kukamua ng'ombe. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba yangu ndoo huitoa siku ya kwanza. Wewe ambaye feni ilikuwa inakutia mafua, ukaamua utajizoeza baridi papa hapa Doha ili usije ukaniaibisha.

Ijumaa ya kwanza ulikuja kanisani Mesaimeer na sweta mbili, jaketi la kazi na skafu uliyoazima kwa mke wa mtu. Tulikaa kwenye ukingo wa barabara kungoja basi la kampuni, mimi na blauzi yangu nyepesi. Waganda wa kwaya wakaniuliza pembeni kama una malaria. Ijumaa iliyofuata ukaacha skafu. Baadaye ukaacha sweta moja, kisha jaketi, meno yakigongana na karak, ile chai ya maziwa na iliki, ikikumwagikia vidoleni. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Siku uliyobaki na shati peke yake, midomo imekukauka, ukaniambia: “Kwa babako n'tafika, hata nikiganda huko.” Nilikuamini. Nasema hivyo bila hasira, maana mtu aliyevua sweta kwa ajili yako unamwamini.

Nikampigia baba, nikamweleza ulivyo mrefu na usivyoiweza baridi. Hakusema mengi, ndivyo alivyo. Lakini siku ya soko alishuka Njabini akakununulia koti la mtumba, zito, lenye kola ya manyoya, akalitundika nyuma ya mlango wa chumba cha wageni. Mama aliniambia kwamba alisema hataki mtu wa pwani aje amfie mikononi.

Ukaenda likizo mwezi wa saba, ambao kwetu ndio mbaya kuliko yote. Ulifika Nairobi, ukakuta manyunyu, ukanipigia ukasema kifua kimekubana, utapanda Kinangop Desemba kukiwa na jua. Ukateremka kwenu. Doha hukurudi tena. Ujumbe wako ulikuwa wa kila siku, ukawa wa Ijumaa, mwisho ukawa picha za mbuzi bila maneno. Yule rafiki yako dereva, anayekaa Al Wakrah, ndiye aliyenieleza kwamba umeoa huko huko nyumbani. Nililia siku yangu ya mapumziko, kisha nikafua sare. Hongera, na nasema kweli.

Siku hizi kinachonisumbua si wewe, ni lile koti. Baba sikumwambia. Mwanzoni nilisema umebanwa na shughuli, baadaye nikaacha kukutaja, naye akaacha kuuliza. Lakini koti hakuligusa. Alfajiri anatoka na gambuti na sweta iliyotoboka viwiko, na mama akimwambia avae lile koti, anajibu kwamba lina mwenyewe. Kandarasi yangu inaisha Aprili na sitaongeza nyingine. Nilikuwa naogopa kufungua ule mlango na kulikuta bado linakungoja.

Kwa hiyo sasa hali ya hewa naifuatilia kukushinda wewe. Unajua majira ya kuchipua ya huku: wiki chache za hewa nzuri na vumbi, kisha lami inaanza kuchemka. Kwa jinsi baridi ilivyokuwa hafifu, wenzangu wanasema joto litawahi. Mimi naomba lichelewe hadi nipande ndege, maana getini hakuna kivuli cha maana. Na kwetu naomba masika yawahi, baba apande viazi vyake.

Ijumaa iliyopita, baada ya ibada, nilikaa pale pale ukingoni nikampigia. Aliuliza kama huku kuna baridi. Nikasema mwaka huu haikuja kabisa. Kisha akauliza:

“Na yule kijana wa pwani?”

“Hatakuja, baba. Ameoa kwao.”

Nilisikia ng'ombe akilia nyuma yake. Hakukutukana, nataka ulijue hilo. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akasema mawingu yameanza kushuka kutoka milimani, mvua i karibu, na kwamba asubuhi vidole vinamfa ganzi akikamua. Nilijua ananipa nafasi, nikaichukua. Nikamwambia aende akavae lile koti.

Akaiweka simu mahali. Nilisikia mlango, kisha nguo nzito ikivutwa, kisha pumzi zake za mzee anayetafuta tundu la mkono. Basi la kampuni lilifika, wenzangu wakaanza kupanda, nikawafanyia ishara waningoje.

“Mikono ni mirefu,” alisema aliporudi. “Nilimchagulia mtu mrefu.”

Hapo ndipo nilipoumia, si kwa ajili yangu. Nikamwambia aikunje. Akakunja mmoja, akakunja wa pili, akasema sasa liko sawa, na kwamba lina joto sana, hakujua kama lina joto namna hiyo.

Basi kaa salama huko kwenye jua lako, na umsalimie mkeo ukiona inafaa. Kuhusu koti usijali. Limepata mwenyewe.

Mimi,
uliyeniita mchumba