Chupa ya Tatu Kutoka Kushoto

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta u mzima, na goti lako limepunguza ukorofi. Mimi sijambo wa mwili; kichwa ndicho kilichovurugika. Nakuomba unisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Binti yako amekwisha kukusimulia kwamba amesimamishwa kazi hapa maabarani. Hakukusimulia yote, kwa kuwa yote hayajui.

Ule mwani wa bahari, mdogo hata elfu hukaa katika tone moja, niliuchora kwa hadubini miezi minne. Una miiba sita, kila mmoja umepinda nchani, na hakuna kitabu chenye mchoro wake. Binti yako alinitania kwamba mjomba anahesabu miiba kama bahili anayehesabu njugu. Nilimjibu kwamba hizo jeni zake hazina hata sura ya kutazamika. Tukaafikiana: mimi nitoe umbo, yeye atoe jeni, kisha tuitangaze spishi mpya pamoja.

Jeni zilisema ni mwani wa kawaida, unaojulikana tangu enzi za babu. Nikarudi kwenye hadubini: miiba sita. Akayapima tena maji aliyokwisha kuyachota: mwani wa kawaida. Mkuu wa maabara akasema macho ya mzee hayajapata kukosea, basi mikono ya kijana ndiyo michafu. Binti yako alinitazama nimtetee. Niliinama. Sikujua niamini macho yangu au yeye.

Sasa nakuungamia. Chupa zetu kumi na mbili zimepangwa mstari mmoja kwenye kichanja, dirishani. Kwa amri yangu, hazibandikwi karatasi, maana karatasi huuzibia mwani mwanga. Tunahesabu kutoka kushoto, na mwani wetu ni wa tatu. Kila asubuhi nakigeuza kichanja mbele nyuma ili chupa zipate jua pande zote, na adhuhuri nakirudisha. Siku aliyochota, niliwahi kwa daktari wa meno, nikasahau kukirudisha. Alasiri akahesabu tatu kutoka kushoto, kama nilivyomfundisha. Alichota chupa ya kumi, yenye mwani wa kawaida.

Nililikumbuka hilo jino siku moja baada ya yeye kuondoka. Nimenyamaza siku tisa. Ukiniuliza kwa nini, ndugu yangu, ni aibu tu.

Leo asubuhi nimemweleza mkuu, kwa mdomo na kwa maandishi. Aliniuliza kama nina hakika. Nilimwambia sina hakika ya chochote isipokuwa kichanja. Binti yako anaitwa kazini Jumatatu.

Nimebandika namba juu ya vizibo. Kumbe kizibo hakihitaji mwanga! Miaka yote hiyo sikuliwaza.

Msomee barua hii. Asipotaka kunisalimia, usimlazimishe. Chupa ya tatu sijaigusa. Namwachia aichote mwenyewe, nami sitakuwamo chumbani.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na goti ulikande.

Ni mimi,
Kaka yako